Kazi za nyumbani zinazoandikwa na akili mnemba: walimu wenzangu mnazishughulikiaje?

Mleta mada: Mwalimu_Temeke

Ndugu walimu na wadau wa elimu, habari za jioni.

Ninafundisha Kiswahili pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili katika shule ya sekondari ya serikali hapa Temeke, jijini Dar es Salaam. Naomba kuleta mbele yenu jambo ambalo limejadiliwa sana katika ofisi yetu ya walimu bila kupatiwa ufumbuzi.

Kwa utaratibu wa shule yetu wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, na kanuni hiyo inasimamiwa vizuri. Hata hivyo, mwanafunzi akishafika nyumbani anapata simu ya mzazi, ya kaka au ya jirani, na bando la siku moja linatosha kabisa kuiagiza programu ya akili mnemba, kama ChatGPT, imwandikie insha za wiki nzima. Muhula huu nilitoa kazi ya nyumbani ya kueleza sababu za kushindwa kwa Vita vya Majimaji. Nilipoanza kusahihisha nilikuta madaftari kadhaa yana utangulizi unaofanana, hoja zilizopangwa kwa mfuatano uleule, na hitimisho lenye maneno "ni muhimu kutambua kwamba", maneno ambayo sijawahi kuyasikia vinywani mwa wanafunzi hao. Kufanana peke yake hakunitishi, kwa kuwa kunakiliana kulikuwapo tangu sisi tunasoma. Kilichonisumbua ni kwamba baadhi ya insha hizo zilieleza kuwa Kinjeketile Ngwale alikuwa kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa Songea mwaka 1906. Kinjeketile alikuwa mtu wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimepamba moto; walionyongwa Songea mapema mwaka 1906 ni Nduna Songea Mbano na viongozi wenzake. Programu ilichanganya habari mbili za kweli ikazalisha moja ya uongo, na wanafunzi wakainakili kwa mwandiko mzuri bila kufungua kitabu cha kiada ambacho kipo darasani.

Mkuu wa shule ameniagiza niandae rasimu ya mwongozo mfupi wa matumizi ya akili mnemba, ili ijadiliwe katika kikao cha walimu. Wapo wenzangu wanaotaka tuandike sentensi moja tu, kwamba ni marufuku na anayekamatwa apewe sifuri. Wapo wanaosema kwamba tukifanya hivyo tutakuwa tunawakataza wanafunzi kitu ambacho sisi wenyewe tunakitumia usiku kuandaa maandalio ya somo. Mimi nimekaa katikati, ila kukaa katikati hakuandiki mwongozo.

Ninachoomba ni uzoefu wenu halisi, hasa wa shule zenye madarasa makubwa na zisizo na chumba cha kompyuta kinachofanya kazi. Je, kazi za nyumbani mnazitungaje sasa? Mnaitambuaje kazi ambayo si ya mwanafunzi bila kumwonea asiye na hatia? Na je, ipo namna ya kuzitumia programu hizi ambayo inamwachia mwanafunzi kazi ya kufikiri, au tunajidanganya?

Naomba kuwasilisha.

Hisabati_Ubungo

Ndugu mleta mada, umegusa penyewe. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo nililolifanyia kazi zaidi.

Mijadala mingi ya namna hii huanzia kwa mwanafunzi, wakati katika shule zetu mtu wa kwanza anayeweza kunufaika na programu hizi ni mwalimu, akiwa mezani kwake kabla ya kipindi. Mwanafunzi wangu hana simu darasani, na sioni sababu ya kuitafuta. Mimi ninayo, na ninachokihitaji si majibu, ni maswali mazuri, ambayo kuyatunga usiku baada ya kusahihisha madaftari ya mikondo mitatu ni kazi nzito.

Nitoe mfano. Baraza la Mitihani huchapisha katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ambazo zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na mara nyingi huambatanishwa picha ya jibu lenyewe kama lilivyoandikwa na mtahiniwa. Walimu wengi tunazipakua, tunazipitia mara moja, kisha zinalala kwenye simu. Mimi huchukua kosa moja lililotajwa humo au nililoliona katika madaftari, kwa mfano la mwanafunzi anayejumlisha nusu na theluthi akaandika mbili ya tano, kwa kuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, au la yule anayeamini kwamba mraba wa jumla ya a na b ni mraba wa a kuongeza mraba wa b. Kisha ninaiagiza programu initungie maswali ya kuchagua ambayo kila jibu lisilo sahihi linatokana na kosa linalojulikana, na kando inieleze jibu hilo linafichua kosa gani.

Darasani siulizi nani kapata. Ninaandika swali ubaoni pamoja na majibu yake, halafu nawauliza: aliyechagua mbili ya tano alikuwa anafikiri nini? Hapo ndipo wanafunzi wanapozungumza, hata wale wa viti vya nyuma, kwa sababu hakuna anayetakiwa kukiri kwamba kosa ni lake. Swali lenyewe huwa kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, lakini majadiliano huenda kwa lugha zote mbili, kama ambavyo sote tunafanya wathibiti ubora wasipokuwapo. Programu imefanya kazi yake jana usiku. Darasani hakuna bando linalotumika, ni ubao na chaki.

Nina tahadhari mbili. Kwanza, kila swali ninalikokotoa mwenyewe kabla ya kuliandika ubaoni. Programu hizi zimeundwa kubashiri maneno yanayofuata kutokana na wingi wa maandishi zilizofunzwa, na ndiyo maana zinaweza kukuonyesha hatua zilizonyooka kabisa zinazofikia jibu lisilo sahihi, kwa lugha ileile ya kujiamini zinayoitumia zinapopatia. Pili, ukiiomba ikuandalie andalio la somo bila kuieleza hali yako, itakuletea andalio la shule ya Ulaya: projekta, video fupi, na kila mwanafunzi na tableti yake. Iambie kwamba una ubao, chaki, kipindi cha dakika 40 na dawati linalokaliwa na wanafunzi watatu. Iwekee na aya husika ya kitabu cha kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, uiagize isitoke nje ya aya hiyo. Habari za Kinjeketile kuhamishiwa Songea zitapungua sana, ingawa siwezi kukuahidi kwamba zitakwisha.

Mzazi_Tabata

Mimi si mwalimu. Ni mzazi mwenye binti wa Kidato cha Pili, na naomba niruhusiwe kupingana nanyi kwa heshima.

Walimu mnaizungumzia programu kama zana. Sisi huku nyumbani tunaiona kama mtu aliyekaa kando ya mtoto anamnong'oneza majibu. Binti yangu akipewa zoezi la Kemia anapiga picha swali kwa simu yangu, jibu linatoka na hatua zake zote, ananakili, anafunga daftari. Ukimwuliza hatua ya pili imetokana na nini anakujibu kwamba ndivyo inavyofanywa. Mwalimu anaweka alama ya vema, mimi nafurahi, halafu mtihani wa muhula unaleta maksi ambazo hazifanani hata kidogo na daftari. Mpaka hapo nani amemfundisha nani?

Tena tusisahau kwamba si kila nyumba ya jiji hili ina simu janja ya kumwachia mtoto jioni. Kazi ya nyumbani ikianza kutegemea programu, mtoto wa mama ntilie na mtoto wa mwenye ofisi Posta watakuwa hawajapewa kazi moja, hata kama swali lililoandikwa ubaoni ni lilelile. Kwa hiyo mimi naunga mkono marufuku, walau hadi mtoto amalize Kidato cha Nne.

Mhadhiri_Elimu

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na nianze na mzazi wa Tabata, kwa kuwa hofu yake ina ushahidi nyuma yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wapatao 1,000 nchini Uturuki katika somo la Hisabati. Kundi moja lilifanya mazoezi likisaidiwa na GPT-4, mojawapo ya programu hizi, katika muundo unaofanana na ChatGPT ya kawaida, yaani ukiuliza unajibiwa. Kundi la pili lilitumia programu hiyohiyo, ila ilikuwa imewekewa maelekezo yaliyoandaliwa na walimu ili itoe vidokezo badala ya majibu. Kundi la tatu lilibaki na vitabu na madaftari yake. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata alama za juu kwa asilimia 48 kuliko kundi la vitabu, na kundi la pili kwa asilimia 127. Baada ya hapo programu iliondolewa na wote wakafanya mtihani. Waliozoea programu ya kawaida walipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Waliopewa vidokezo hawakupata hasara hiyo, lakini pia hawakuwazidi wenzao wa vitabu, na hili la mwisho ndilo ambalo wanaotuuzia programu hawapendi kulitaja.

Kwa hiyo binti wa Tabata si mvivu kupita wengine. Yuko katika kundi la kwanza. Alama za vema katika daftari lake ni za kweli kwa maana ya kwamba majibu ni sahihi, na maksi za mtihani nazo ni za kweli. Kinachokosekana katikati ni ile hatua ya kuhangaika na swali, ambayo ndiyo inayojenga uelewa, na ambayo programu humwondolea mwanafunzi kwa wema wake wote. Ningependa mwongozo wa mleta mada uanzie hapo: siyo kama programu imetumika au haikutumika, bali ni nani aliyehangaika na swali kwanza.

Sasa nije kwenye marufuku na kukamata. Ndugu mleta mada, tafadhali usiwashauri wenzako watumie programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI yenyewe, iliyoitoa ChatGPT Novemba 2022, ilitoa chombo cha aina hiyo Januari 2023. Kwa maelezo yake kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kiliyasingizia kuwa ya mashine. Julai mwaka huohuo kikaondolewa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vyombo saba kwa insha za mtihani wa TOEFL, ambazo huandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, wakati insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote bila tatizo. Vyombo hivyo hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ambayo msamiati wake bado haujakomaa hutumia maneno machache yanayotabirika. Mwanafunzi wetu aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kuanza kuandika Biolojia kwa Kiingereza Kidato cha Kwanza ndiye hasa atakayesingiziwa, na hatakuwa na namna ya kujitetea.

Namna ya kumtambua ipo, na ni ya zamani: muulize. Msomee sentensi moja ya insha yake, kisha mtake akueleze ameitoa wapi na kwa nini ameiweka kabla ya nyingine. Darasa kubwa halihitaji kuhojiwa lote. Kura ya majina machache mwanzoni mwa kipindi inatosha, kwa sababu hakuna anayejua kama leo ni zamu yake. Gawanya pia maksi, ili daftari lipate sehemu ndogo na maelezo ya mdomo yapate sehemu kubwa. Mwanafunzi aliyenakili kwa mashine lakini akakaa usiku kuelewa alichonakili ili asiaibike, huyo amesoma, na mimi sitagombana naye.

Kuhusu Afrika, kuna mifano miwili ninayopenda itajwe kwa tahadhari. Katikati ya mwaka 2024, katika mji wa Benin, jimbo la Edo nchini Nigeria, wanafunzi wa sekondari walitumia Copilot ya Microsoft kujifunza Kiingereza baada ya vipindi vya kawaida, katika mradi wa wiki sita uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na walioshiriki walifanya vizuri kuliko ambao hawakupata nafasi. Nchini Ghana, programu ya Hisabati iitwayo Rori, inayotumika kupitia WhatsApp, ilitolewa kwa wanafunzi kwa nusu saa mara mbili kwa wiki, na matokeo yao ya Hisabati yalipanda. Katika mifano yote miwili kulikuwa na ratiba, kulikuwa na mtu mzima aliyesimamia, na somo lilikuwa moja. Hakuna mtoto aliyeachiwa simu sebuleni. Ndiyo maana siwezi kuitumia mifano hiyo kumjibu mzazi wa Tabata kwamba hali ya nyumbani kwake ni salama.

Mwalimu_Kigamboni

Wadogo zangu, mmezungumzia Hisabati na Kiingereza, na mimi naomba tuje kwenye Kiswahili, ambako programu hizi zina udhaifu unaoweza kugeuzwa kuwa somo zuri.

Iagizeni programu itunge ubeti wa tarbia kuhusu elimu. Mara nyingi italeta mistari inayopendeza machoni, ya mfano wa hii:

Elimu ni mwanga wetu, unaotuongoza sote,
Tusome kwa bidii sana, ili tufike mbali.

Mwanafunzi asiye makini ataona shairi. Mwambieni ahesabu. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mstari wa kwanza una mizani (silabi) nane, utao wake, yaani nusu ya pili, una tisa. Ukwapi wa mstari wa pili una tisa, utao saba. Vina vya kati ni tu na na, vya mwisho ni te na li, maana yake havipo. Kijana wangu mmoja anayefanya kazi za kompyuta alinieleza kwamba programu haisomi silabi kama sisi. Huyakata maneno katika vipande vyake yenyewe, ambavyo havilingani na silabi zetu, na tena maandishi ya Kiswahili iliyofunzwa ni machache mno ukilinganisha na ya Kiingereza. Kwa hiyo haihesabu mizani, inabahatisha.

Mistari ya namna hiyo ninaiandika ubaoni bila kuwaambia wanafunzi imetoka wapi. Wanakaa katika makundi, wanahesabu kwa kugonga vidole juu ya dawati, kila kundi linarekebisha kwa namna yake. Kundi moja lilirudisha hivi:

Elimu ni mwanga wetu, watuongoza daima,
Tuitafute kwa utu, tusirudi tena nyuma.

Nane kwa nane, vina vya kati tu, vya mwisho ma. Mwanafunzi wa kundi jingine akasimama kuuliza utu unaingiaje katika kutafuta elimu, kwamba neno limewekwa kwa ajili ya kina tu. Wenyewe wakajibu kwamba asomaye kwa kuiba mitihani anaitafuta elimu bila utu. Ubishi uliendelea hadi kengele ikalia, na mimi sikuwa nimesema neno. Nilipowaambia baadaye kwamba mistari ya kwanza imetungwa na mashine, walishangaa, kisha wakaanza kuidharau kidogo, jambo ambalo kwa umri wao si baya.

Sarufi pia imo. Agizeni hadithi fupi ya wanyama na mtakutana mara kwa mara na "kiboko kikubwa" na "vifaru vilikimbia". Vifaru vinavyokimbia ni vya jeshi; wale wa Ngorongoro walikimbia. Wapeni wanafunzi hadithi hiyo waisahihishe kwa kalamu nyekundu, wao wakiwa walimu. Zoezi la upatanisho wa kisarufi ambalo kwa kawaida huwasinzisha wanafunzi linafanyika kwa bidii kubwa pale anayekosolewa anapokuwa si mwenzao.

Nakala za hadithi nachapisha stesheneri, nakala moja kwa kundi. Zaidi ya hapo siyaoni matumizi ya kompyuta kwa wanafunzi wangu, na sijisikii kuwa nimepitwa na wakati.

Mzazi_Tabata

Mhadhiri, nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja. Nakubali nusu. Nakubali kwamba marufuku ya shule haiwezi kufika sebuleni kwangu, na kwamba kukamatana kwa mashine kutaleta uonevu. Lakini jioni mwalimu hayupo, mhadhiri hayupo, nipo mimi, na Kemia niliiacha Kidato cha Pili. Nimwambie nini binti yangu anapoomba simu? Naomba jibu la mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku akiwa amechoka kwa foleni ya Barabara ya Mandela.

Hisabati_Ubungo

Swali zuri, mzazi mwenzangu, na halihitaji ujue Kemia.

Sharti la kwanza liwe daftari kabla ya simu. Aonyeshe alichojaribu, hata kama ni mistari miwili yenye makosa, na mahali alipokwama apazungushie duara. Bila duara hakuna simu. Huhitaji kujua kama alichoandika ni sahihi. Unatazama kama kimeandikwa.

Sharti la pili, asitume picha ya swali. Aandike kwa maneno yake, mbele yako, ujumbe wa namna hii: "Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili Tanzania. Nimejaribu swali hili na nimefikia hapa. Usinipe jibu wala hatua inayofuata. Niulize swali moja tu litakalonisaidia kuona kosa langu, kisha usubiri nijibu." Programu nyingi hulitii agizo hilo, angalau kwa muda. Mtoto anaweza kulifuta ukigeuka, hilo nalijua, na ndiyo maana sharti la tatu linabaki kuwa lako: akimaliza, afunge simu na daftari, akueleze kwa Kiswahili alichofanya. Akikwama katika kueleza, kazi haijaisha. Maelezo ya Kiswahili yana faida ya ziada kwa watoto wetu, kwa sababu wengi wao wanayakariri maneno ya Kiingereza ya Kemia bila kujua yanasema nini, na programu hizi zinafanya vizuri kiasi katika kueleza dhana kwa Kiswahili chepesi, ilimradi istilahi zenyewe arudi kuzihakiki katika kitabu.

Mwalimu_Temeke

Nawashukuru sana. Rasimu yangu imebadilika kabisa kutokana na michango yenu. Neno "marufuku" nimelibakiza mahali pamoja tu, kwenye mitihani na majaribio ya darasani. Kwa kazi za nyumbani nimeandika kwamba mwanafunzi aanze na jaribio lake mwenyewe kwa kalamu, ataje mstari wa chini kama alitumia programu na aliitumia kwa lipi, na awe tayari kuhojiwa. Masharti ya mwalimu wa Ubungo nitayaweka katika barua ya wazazi. Hoja ya usawa aliyoitaja mzazi wa Tabata nimeifanya kanuni: hakuna mwalimu atakayetoa kazi ambayo haiwezi kukamilishwa bila simu, na anayetaka wanafunzi waone kilichoandikwa na programu atakileta mwenyewe kikiwa kimechapishwa au kimeandikwa ubaoni.

Limebaki jambo moja ambalo sijui nilielekeze wapi. Mwalimu mwenzangu amekuwa akipiga picha madaftari ya wanafunzi na kuyapakia kwenye programu ili yasahihishwe, pamoja na majina na maksi za majaribio, kisha programu inamwandikia maoni ya kila mwanafunzi. Kwa kweli maoni yenyewe ni mazuri, na ana wanafunzi wengi mno. Je, nimwekee kifungu cha kumruhusu?

Afisa_TEHAMA

Usimruhusu kwa namna hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na sheria hiyo inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya daftari yenye jina, shule na maksi ni taarifa ya mtoto. Programu hizi kwa kawaida huhifadhi taarifa katika seva zilizo nje ya nchi, na sheria ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje. Tena katika matoleo ya bure mazungumzo ya mtumiaji yanaweza kutumika kuifunza programu, isipokuwa kama mwenye akaunti amezima mpangilio huo, na walimu wengi hawajui kwamba upo.

Kuhusu umri, masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya mzazi. UNESCO nayo, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, ilipendekeza umri usiwe chini ya miaka 13. Kidato cha Kwanza kina wanafunzi walio pembezoni mwa mpaka huo, kwa hiyo barua yako ya wazazi iwe na sehemu ya kutia saini, na isiishie kuwa tangazo tu.

Kama anataka maoni ya programu, achape aya ya mwanafunzi bila jina, aite Mwanafunzi A, B na kuendelea, na orodha ya nani ni nani ibaki katika daftari lake. Maoni atakayopewa ayasome yote kabla hayajamfikia mtoto, na maksi aziweke yeye, kwa kuwa programu hiyohiyo ukiipa insha moja leo na kesho inaweza kukupa maksi mbili tofauti. Kwa sasa aanze kwa kufuta mazungumzo yenye majina yaliyomo katika akaunti yake pamoja na picha zilizobaki kwenye simu, kisha amweleze mkuu wa shule yeye mwenyewe, kabla ya kikao.